Korongo wa Kisiwa cha Mawe

Mwezi wa kumi na moja, mwaka uliofuata mwisho wa vita vya Hitler, tulikuwa tumempoteza kaka yangu kwa homa. Tulimzika ziwa likiwa limekauka hadi nusu, na ghalani hatukuwa na kitu ila kibuyu kimoja cha mbegu ya uwele.

Nyumbani kwetu hatukupanda kwa kuangalia mawingu. Tulingoja korongo weusi wenye matumbo meupe watue kwenye kisiwa kidogo cha mawe, ziwani Singidani; wakitua, mvua iko karibu. Kaka ndiye aliyekuwa akienda kuwatazama. Sasa majirani walishaanza kupanda. Asubuhi hiyo baba aliniambia, "Nenda wewe. Tukikosea safari hii, hatuna mbegu nyingine."

Nilikwenda na mtani wetu, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, aliyekuja msibani na bado hajaondoka. Tulivuka kwa miguu, matope ya chumvi yakitufika magotini.

"Kaka yako mjanja," alisema. "Aliyakumbuka matope haya, akaona afadhali afe."

"Nyamaza, bwana."

"Ninyamaze, kwani mimi ndiye mfiwa? Wewe lia. Mimi kazi yangu kusema."

Nilicheka, kisha nikajisikia vibaya kwamba nimecheka.

Kisiwani sikuweza kutulia. Nilipanda jiwe hili, nikashuka, nikapanda lile. Heroe walikuwa mbali, mstari mwekundu juu ya maji. Mnandi, wale ndege wa majini, walianika mabawa yao. Kila kivuli kilichopita kilinisimamisha.

"Keti! Ndege watadhani umetumwa na boma kuwaandikisha kodi."

Niliketi, nikainuka tena.

Jua lilipopita utosini korongo walitokea kaskazini, kundi kubwa, juu sana. Matumbo yalikuwa meupe, hilo nililiona. Walizunguka juu yetu, wakashuka mpaka nikasikia mabawa, halafu wakainuka tena na kushika njia ya Ikungi. Wachache walishuka ng'ambo, nyuma ya mawe, au pengine wale walikuwa ndege wengine. Sikujua. Kaka angejua.

"Sema wametua," mtani aliniambia, safari hii bila mzaha. "Watu wana njaa."

Tulirudi kwa matope yale yale.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, kibuyu kiko mapajani. Nilimwamkia. Aliitikia, akauliza, "Wametua?"

"Wamezunguka, baba, kisha wakapita. Labda wachache wametua upande wa pili. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Alikizibua kibuyu. Kisha akamimina nusu ya mbegu kwenye ungo, akakiziba tena kibuyu chenye nusu iliyobaki. Mtani aliingia ndani, akatoka na jembe la marehemu begani. Hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua ungo mikononi mwa baba, akatangulia shambani.