Mwanamume wa Kuwadhamini

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya manunuzi ya kampuni moja ya kambi za watalii, karibu na Natta. Kampuni imetangaza kwamba mboga na mayai itanunua kwa wanawake tu, na siku hiyo ilikuwa inawahoji.

Akaingia mwanamume na mkewe. Kila swali aliloulizwa mke, mume alilijibu: kuku, bustani, hata namba ya simu. Mke alitazama mkoba wake.

"Hongera sana, mama," afisa akasema.

"Asante," mume akajibu.

Wakafuata wanawake wawili kutoka Mbalibali, mmoja mtu mzima, mwingine kijana. Wakaweka trei la mayai mezani.

"Shikamoo, mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Sina mume, mwanangu. Nina mke, ndiye huyu."

Afisa, mgeni wa huku, akaweka kalamu chini. Mama akamweleza taratibu kwamba kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa, nyumba yake isife. Kuku ni wao, bustani ni yao.

"Nimekuelewa, mama. Ila lazima mwanamume awadhamini."

"Na biashara ni ya wanawake?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

Mama akabeba trei lake. "Twende," akamwambia mkewe, "tukakodi mmoja."

Kampuni iliwatafuta wanawake wenye biashara zao, na ilipowapata ikashtuka. Nilipotoka, mama alikuwa anamuuliza yule mume wa kwanza kama kesho ana nafasi.