Kusimama Mbele ya Mwanafunzi Wangu

Nilipostaafu ualimu mgongo ulikuwa umeanza kupinda, na daktari wa Nachingwea akaniambia nitafute mazoezi. Nikasikia kuna kijana Ruangwa anafundisha kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa upanga wa mwanzi. Jumamosi asubuhi nikaenda.

Huyo kijana alikuwa mtu mzima, miaka arobaini hivi. Aliponiona mlangoni hakutabasamu.

"Shikamoo, mwalimu. Shule ya Naipingo, darasa la sita. Umenisahau?"

Nilikuwa nimemsahau. Akanikumbusha mbele ya watu: alikosa shule wiki nzima akimsaidia bibi yake kuokota korosho, na aliporudi nilimchapa mpaka akajikojolea.

Akanipa upanga. Nikaushika.

"Tazameni anavyoushika," aliwaambia wanafunzi wenzangu. "Kama kiboko. Nguvu zote mkono wa kulia."

Wakacheka. Kwenye kendo nguvu hukaa mkono wa kushoto. Wa kulia unaongoza tu. Mguu wa kulia mbele, kisigino cha kushoto kimenyanyuka kidogo, ncha ya upanga inaelekea koo la aliye mbele yako. Ni rahisi kusema.

Kila nilipojipanga alinipiga kifundo cha mkono. Nilivaa glavu nene, na bado kiliuma. Nikarudi nyuma.

"Mbona unakimbia, mwalimu? Sisi ulitukataza kukimbia."

Nilimchukia. Nyumbani mke wangu aliuona uvimbe, akauliza nani kanipiga. Nikasema nimeanguka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena, kwa ukaidi tu, na kila asubuhi nilisimama uani na mpini wa jembe mpaka mapaja yakatetemeka.

Mwezi wa tatu wa mazoezi alinijia kama kawaida yake, akipiga ukelele. Mwili ulitaka kurudi. Nikashusha mabega, nikakaza tumbo, nikabaki palepale. Ncha ya upanga wangu ikamgota kwenye kinga ya koo, akakwama.

"Hapo umesimama," alisema, akihema.

Nikaona wakati ndio huo. "Kijana wangu, yale ya Naipingo..."

"Mimi si kijana wako. Jipange."

Akanijia tena, kwa hasira zaidi kuliko mwanzo, akanipiga utosini hadi masikio yakavuma ndani ya kofia ya kinga.

Bado naenda. Hajanisamehe, na ananipiga kuliko anavyowapiga wengine wote. Sirudi nyuma tena, ila lile neno la kumwomba radhi sijapata nafasi ya kulimaliza.