Mashine ya Mudende

Kwenye kioo cha kompyuta, mashine ishirini na tatu zilikuwa kijani na moja ilikuwa njano. Iribagiza aliitazama ile njano mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasonya, sonyo refu la kutoka tumboni, na wenzake wa ofisini wakajifanya hawakusikia. Wiki tatu sasa walikuwa wakijifanya hawasikii. Mudende! Kila siku Mudende!

Iribagiza alikuwa fundi wa kompyuta wa ushirika wa maziwa, ofisi kuu ikiwa Gisenyi mjini. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda akiwa msichana mkubwa, na mpaka leo watu wanamtania kwamba Kinyarwanda chake kina vumbi la Karagwe. Kazi alianza kwa miguu na pikipiki. Leo Mahoko, kesho Busasamana, keshokutwa Mudende, flashi inaning'inia shingoni, akibonyeza mambo yale yale kumi kwenye kila kompyuta ya kila kituo cha kukusanyia maziwa, mvua inyeshe isinyeshe. Basi akachoka. Akajifunza mwenyewe, bila mwalimu, kutumia programu ya kusimamia mashine zote kutoka mahali pamoja. Unaandika faili moja la maagizo: kipengele hiki cha Windows kiwepo, kile kisiwepo. Kila saa programu inapita kwenye mtandao, inakagua mashine moja moja. Iliyo sawa inaitia kijani na kuiacha, iliyopotoka inaitia njano na kuinyoosha. Aliibatiza jina Mnyapara, na tangu Mnyapara aanze kazi, Iribagiza hakupanda pikipiki tena kwa ajili ya kompyuta. Alijivunia jambo hilo, na kwa nini asijivunie?

Mwezi huo kulikuwa na agizo moja tu zito. Kuna kipengele cha zamani cha kushirikisha mafaili, cha enzi za mababu, ambacho wezi wa mtandaoni wanakipenda kama mlango usio na komeo. Mkurugenzi, Mzee Kayitare, alitaka kiondolewe kwenye mashine zote ishirini na nne, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Kayitare alikulia Uganda, akapitia jeshini, na maneno yake ni ya kuhesabika. Alisema: mkataba wako unaisha mwezi huu. Zikiwa kijani zote, tunaongeza. Isipokuwa hivyo, kuna kampuni ya Kigali inataka kazi hii. Basi. Kila Jumatatu alichungulia mlangoni na kuuliza, "Kuna shida?" Na kila Jumatatu Iribagiza alijibu, "Hakuna, mzee. Inaendelea vizuri."

Inaendelea vizuri, wapi! Kila mchana Mnyapara alikiondoa kile kipengele Mudende, mashine ikawa kijani, Iribagiza akashusha pumzi. Kila asubuhi mashine ile ile haikupatikana kwenye mtandao kwa saa mbili nzima, na ikirudi, imerudi na kipengele chake kama kwamba hakuna kilichotokea. Aliandika upya faili la maagizo mara tatu. Akamfanya Mnyapara apite kila nusu saa. Akatafuta virusi, hakuna. Akasoma majukwaa ya mafundi mpaka macho yakawa mekundu, na kila mtu huko alikuwa na ugonjwa wake, hakuna aliyekuwa na wa Mudende. Ilifika mahali akaanza kumchukia Mnyapara mwenyewe.

Alipiga simu pia, tena si mara moja. Kompyuta ya Mudende ilikuwa mikononi mwa Mukeshimana, karani wa kituo, ambaye wote walimwita Mama Keza. Aliishi Masisi miaka mingi kabla ya kurudi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Mama Keza, shikamoo. Hiyo kompyuta ina nini?"

"Iko muzuri, binti yangu. Haina shida."

"Kuna mtu anaigusa?"

"Nani ataigusa? Niko hapa mi peke yangu."

Basi utamwuliza nini zaidi mtu aliyekwambia iko nzuri?

Ijumaa ilipofika, Iribagiza alijua hana ujanja. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa mgongoni mwa pikipiki, makoti mawili mwilini, akipanda Mudende huku meno yakigongana kwa baridi na roho ikimwuma. Miaka minne hakuwa amepanda ile barabara. Aliwaza kampuni ya Kigali, akawaza ada ya mtoto, akamwaza Kayitare na uso wake usiosema kitu. Akaapa kwamba leo lazima mtu atamweleza.

Kituo kilikuwa kimekwisha changamka. Wafugaji walikuwa wamepanga madebe yao ya maziwa mpaka nje ya uzio, na dereva wa lori la ubaridi alikuwa anapiga miayo usukani. Iribagiza hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha karani, mlango ulikuwa wazi, akasimama hapo hapo kizingitini. Mama Keza, miwani puani, kitenge kimefungwa vizuri, alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta. Akafungua dirisha la vipengele vya Windows. Akashuka taratibu na kidole kwenye kioo, akakifikia kile kipengele cha mababu, akakitia alama ya vyema. Akaizima mashine na kuiwasha, akakunja mikono kungoja.

"Mama Keza!" Sauti ilimtoka Iribagiza kubwa kuliko alivyokusudia. "Kumbe ni wewe?"

Mama Keza aliruka. "Yesu wangu! Binti, unanitisha hivi asubuhi?"

"Wiki tatu! Wiki tatu sili vizuri, silali vizuri, namlaumu Mnyapara, najilaumu mimi, na kumbe ni wewe na kidole chako! Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe," alisema Mama Keza.

"Mimi? Lini?"

"Ni wewe, kwa simu. Ule mwaka ulikuwa umejifungua. Kipimo cha maziwa ilikataa kuongea na kompyuta, ukaniambia bonyeza hapa, bonyeza hapa. Na neno la siri ulinipa. Niliandika yote." Akatoa kitabu cha nyimbo za kanisa mezani, na kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na hatua saba kwa kalamu ya bluu, zimeandikwa vizuri kuliko mwongozo wowote Iribagiza aliowahi kuandika yeye.

Ndipo akakiona kile kipimo pembeni, kimeungwa na kompyuta kwa waya wake, kizee, kilichonunuliwa mtumba, ambamo maziwa kidogo ya kila mfugaji yalimiminwa yapimwe. Kilijua lugha moja tu, nayo ndiyo ile ya kipengele alichoagiza kiondolewe. Bila kipengele, majibu ya kipimo hayaingii kwenye kompyuta. Bila majibu, kompyuta haichapi kibali. Bila kibali, dereva hapakii hata debe moja. Kwa hiyo kila mchana Mnyapara aliondoa, na kila asubuhi mama huyu alirudisha, akauchomoa waya ili asiingiliwe mpaka lori liondoke. Alifikiri ni ugonjwa wa ile mashine tu, unaoingia na mtandao.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" Iribagiza aliuliza, na sauti ilikuwa bado kali.

"Uliniuliza kama kompyuta iko muzuri. Iko muzuri." Mama Keza alivua miwani. "Na tena, binti, mutu wa ofisi akisikia kipimo imezeeka, atasema tufunge Mudende, maziwa ipelekwe Mahoko. Kwa miguu? Itafika imeharibika. Donc, basi, nikasema nisisumbue mutu, nitakuwa nafanya mwenyewe."

Hasira ya Iribagiza ilitafuta pa kutua isipate. Alitaka kufoka kwamba mtu mzima hafichi jambo kama hili. Lakini Jumatatu tatu mfululizo yeye mwenyewe alikuwa amemtazama Kayitare machoni na kumwambia hakuna shida. Aliona aibu, aibu ya kweli, na aibu ile ikamtia hasira upya.

Lori liliondoka saa mbili na nusu. Iribagiza akarudisha waya, akakalia kiti cha Mama Keza, akapambana na kile kipimo. Alitafuta kama kinaweza kufundishwa lugha mpya. Hakikuweza. Akampigia aliyekiuza, simu ikajibiwa na mtu wa duka la viatu. Akajaribu njia ya pembeni, na ya pembeni zaidi. Saa tano ikapita. Maji yalikuwa shingoni.

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia, na lilimjia likiwa rahisi kabisa. Akaunganisha na ofisi, akafungua orodha ya mashine za Mnyapara, akalifuta jina moja. Akaagiza ripoti. Kijani, kijani, kijani mpaka chini, hakuna njano hata ya dawa. Kayitare anatazama rangi, hahesabu mistari. Kidole kilikuwa tayari kutuma.

Mama Keza alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha maziwa ya moto. Alisoma ile orodha kimya, kama anavyosoma majina ya wafugaji asubuhi. "Busasamana niko naona," alisema. "Mahoko niko naona. Sisi tuko wapi?"

"Nimeitoa kidogo tu, Mama."

"Mumetufunga?"

"Hapana! Ni kwenye ripoti tu, ili…"

"Binti, kama mumetufunga, niambie. Niko na watu hapa nje nitawaambia nini?" Akakiweka kikombe mezani.

Iribagiza aliufunga uso kwa viganja viwili. Loo, kazi gani hii! Kisha akairudisha Mudende kwenye orodha. Akaandika agizo jipya, la mashine hiyo moja: kipengele cha zamani kibaki, ila kompyuta isizungumze na chochote isipokuwa kipimo cha maziwa, Mnyapara, na mahali nakala za vibali zinapotumwa. Chini yake akaandika sababu kwa maneno ya kawaida, na kwamba kipimo kipya kinahitajika. Mnyapara akapita. Ishirini na tatu kijani, moja njano, kwa kuwa kipengele bado kipo. Akatuma saa sita kasoro dakika tano.

Simu ililia kabla hajamaliza maziwa.

"Nimeona njano," alisema Kayitare.

"Ndiyo, mzee."

"Jumatatu uliniambia hakuna shida."

"Nilikudanganya. Shida ipo, na ipo tangu wiki ya kwanza. Nikiondoa kile kipengele, maziwa ya Mudende hayapakiwi. Nimeyaandika yote hapo chini."

Iribagiza alisikia karatasi, au labda ilikuwa pumzi ya mzee.

"Makubaliano yetu unayakumbuka," alisema Kayitare mwishowe. "Watu wa Kigali wanaanza Jumatatu."

Simu ilikuwa na sauti ya juu. Mama Keza alikuwa anamtazama bila kupepesa, na Iribagiza akaona kwamba huyu mama ameelewa kila neno.

"Sawa, mzee," alisema. "Basi waambie waanzie Mudende. Wafike saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajagusa chochote, wamwulize karani anafanyaje kazi yake. Anaitwa Mukeshimana. Na wasimwulize kama kompyuta iko nzuri."