Boti Tuliyoifukiza Mbulumbulu

Ta. Kimya kidogo. Halafu tena, ta, kama mtu anayejivunja vidole chini ya blanketi. Huo ndio mlio ninaoukumbuka kuliko hata kengele ya shule, na juzi bati jipya la saluni ninakosukia pale Karatu lilipopata jua la saa nne, niliusikia tena. Nikabaki nimeshika rasta ya mteja hewani. Akaniuliza kama naumwa. Nikacheka tu.

Ulikuwa mlio wa mbao za boti. Ndiyo, rafiki yangu, boti, kule Mbulumbulu kwenye ngano na maharage, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Baba yangu alikuwa dereva wa watalii, anawashusha kreta asubuhi na kuwapandisha jioni, na kwenye gari alisikia mengi. Familia moja ilimsimulia kwamba likizo zao huzimalizia baharini, kwenye boti ya zamani ya matanga waliyoinunua mkononi mwa mtu. Wanalala humo, wanapika humo, wanafuata pwani taratibu na watoto wao, na upepo haulipiwi. Hilo la upepo usiolipiwa lilimwingia baba moyoni likakaa. Mzungu mmoja mzee aliyekuwa na shamba nje ya Karatu alikuwa amepandisha boti yake kutoka pwani ili aikarabati, uzee ukamuwahi, akarudi kwao. Mlinzi wake ndiye aliyeachiwa aiuze. Baba akatoa maksai wetu wawili wa plau.

Mama aliongea mara moja tu, akichambua maharage. "Baba watoto, hicho kitu kisipoelea, tutalima kwa mikono." Baba akamjibu kwamba ikifika Desemba yeye mama atakuwa amekaa ndani yake amenyoosha miguu, hana cha kuchambua. Mama hakucheka, lakini nilimwona anajitazama miguu.

Ilikuwa nzuri, nisikudanganye. Mbao nyekundu, urefu kama Land Cruiser moja na nusu, vitanda vyembamba, na jiko dogo la mafuta lililoning'inia likicheza hata ukikohoa. Mimi na dada zangu tuligombania vitanda siku hiyo hiyo. Bibi akapandishwa kwa ngazi, akakaa, akapapasa kila kona, akauliza mbuzi atafungwa wapi.

Siku tuliyoenda kuichukua, tuliikuta imefunikwa magunia mabichi, mlinzi anayamwagia maji kila asubuhi kama anamwagilia mchicha. Alisema tajiri wake ndiye aliyemwagiza, sababu haijui. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baba akaona vitundu vya wadudu karibu na usukani, akasema haya ndiyo matunda ya kulaza mbao kwenye unyevu. Magunia mama akayafua, akayatilia mahindi.

Kwetu kitu cha kudumu kinafukizwa. Mbegu tunaziweka darini juu ya mafiga, moshi uzipitie, dumuzi wakimbie. Kibuyu cha maziwa tunakisugua kwa kijinga cha moto. Basi bibi akaamuru kuni za mzeituni wa porini, moshi mwingi, moto kidogo, na boti ikainuliwa juu ya magogo kwenye banda la maksai, ambalo sasa lilikuwa wazi. Kazi ya moto nikapewa mimi. Nilikuwa darasa la tano. Nikitoka shule nachukua ugali wangu na maziwa ya mgando, nakula chini ya tumbo la boti, nachochea, napuliza, macho yananitoka machozi. Kiangazi chote nilinuka moshi, mwalimu akanihamishia dawati la dirishani. Sikujali. Nilikuwa nalinda safari ya mama.

Ndipo ta ikaanza. Baba akaweka sikio kwenye ubao, akanivuta karibu. "Wasikie hao," akaniambia. "Wadudu wanapasuka mmoja mmoja. Umefanya kazi, mwanangu." Sijawahi kusifiwa vile tena mpaka leo.

Akapaka rangi nzito, mkono wa kwanza na wa pili, na Desemba boti ikapanda juu ya fuso la maharage hadi Tanga, sisi tukifuata kwa basi. Mama alivaa gauni la kanisani.

Wanaume wa ufukweni waliisukuma majini wakituimbia. Baba alisimama ndani, akampa mama mkono apande. Ilielea muda wa kusema Baba Yetu, labda na nusu. Halafu maji yakaingia, na hayakuingia kwa tundu moja ambalo ungeliziba. Yaliingia kila palipokutana ubao na ubao, kimyakimya, kama jasho. Mama akachota kwa sufuria. Akachota hadi maji yakalilowesha gauni mpaka kifuani, naye anachota tu, hamwangalii baba. Wimbo ukageuka kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mzee wa bara, umetuletea tenga. Rudi nalo ukavunie."

Mwenye ufukwe ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliivuta boti hadi kwenye maji mafupi, akagonga mbao kwa ngumi, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Imekufa, kaka yangu. Itanifaa kuni tu. Niachie, nikulipie wewe na familia nauli ya kurudi." Akamnunulia mama mkate. Baba alimshukuru kwa mikono miwili.

Msimu ule tulilima kwa mikono, na uliofuata, na mingine mingi baada yake. Kidato cha tatu sikukiona, nilikuwa shambani. Baba mdogo, kila mvua ikijaza mtaro, alisimama mlangoni mwetu na kuita, "Nahodha, leo hushuki bandarini?" Watoto wa jirani wakajifunza. Baba aliishikilia faraja moja tu, kwamba mzungu yule alimtapeli, kwamba mbao zilikuwa zimeoza tangu mwanzo. Bibi alikufa akiamini hivyo.

Mwaka jana nikaenda Tanga kwenye harusi ya rafiki yangu, nikapita ufukweni. Boti ilikuwepo majini, tanga jeupe, watoto wa watu miguu inaning'inia ubavuni. Niliitambua kwa ubao mmoja mweusi, pale moto wangu ulipowahi kuulamba. Nikapiga picha tatu haraka haraka. Mwenye ufukwe, mvi sasa, hakunijua, nami nikamuuliza kama mteja. Alifurahi kusimulia. "Kuna mbara aliikausha kama muhogo. Mbao ni mtu mwenye kiu, dada. Niliizamisha siku nne, ikanywa, ikabana, haikuvuja tena. Siku nne tu."

Akaniuliza kama nataka kupanda. Nikamwambia nina haraka.

Banda limeshaanguka, jiko lile sijui liko wapi, na Mbulumbulu siku hizi hakuna anayezungumzia bahari hata kwa utani. Bado mimi ni mtu wa ndoto, ninazo nyingi tu. Lakini asubuhi ile ya Tanga baba alikuwa amenipigia simu, akiniomba nikipita ufukweni nimtazamie kama boti ilichomwa kuni kweli. Kule stendi, nikisubiri basi la kupanda bara, nilifungua simu nikafuta picha ya kwanza, ya pili, na ya tatu.