Mwanafunzi Mtukutu wa Harrow

Siku ya kwanza nilibisha mlango wa nyuma. Kampuni ya kutunza wazee ilikuwa imenituma Harrow, na nilipoona jina la Kihindi kwenye karatasi, miguu yenyewe ilinipeleka ubavuni mwa nyumba hadi jikoni. Mama yangu alikuwa yaya wa Wahindi Nairobi kwa miaka ishirini. Mlango wao wa mbele aliupangusa tu, hakuwahi kuupita. Bibi mmoja mwembamba akachungulia dirishani, fimbo mkononi, akafoka: "Wewe mwizi? Mlango iko mbele!"

Nilizunguka huku uso ukiniwaka kwa aibu. Ilikuwa London, katikati ya miaka ya tisini, na hakuna aliyenituma nyuma. Nilijituma mwenyewe.

Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu, nyonga imevunjika. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa. Wiki ya pili alinifuma nikisahihisha daftari la hesabu ambalo mjukuu wake alilisahau mezani. Sikuweza kujizuia.

"Hiyo tiki ni ya mwalimu," akasema.

Nikakiri. Nilifundisha hesabu miaka tisa Kenya. Hapa nilikuwa nimepeleka vyeti vyangu ofisi tatu. Ofisi ya mwisho, karani alinitazama kwa huruma, akasema lafudhi yangu ingewachanganya watoto, kisha akanipa fomu ya kazi ya jikoni shuleni. Niliichana ndani ya basi. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Nilitegemea anipe pole. Hakunipa. Aliniambia kwamba yeye alipofika miaka ya sabini, na digrii yake, aliwekwa kwenye kibanda nyuma ya shule, awafundishe watoto wa wahamiaji peke yao. Jengo kubwa lilikuwa la Wazungu, wanafunzi kwa walimu. Kuvuka uwanja wa katikati kulimchukua miaka sita.

"Wewe utavuka mwaka huu," akasema, kama anayenipa adhabu.

Shule moja ya sekondari ilikuwa ikitafuta mwalimu wa hesabu, na siku ya usaili ningefundisha darasa huku watu watatu wakinitazama. Basi kila Jumanne na Ijumaa, baada ya kumwogesha, sebule yake iligeuka darasa. Nilisimama kama nilivyofunzwa nyumbani: wima, rula mkononi, darasa liitikie kwa pamoja.

"Hapa hakuna kwaya," akanikatiza. "Shuka, kaa karibu na mtoto, soma daftari lake. Mimi pia nilikuwa hivyo. Walinicheka."

Kisha akawa mwanafunzi. Bibi yule wa sari na miwani minene alitafuna bazoka mdomo wazi. Alinitupia vikaratasi. Aliniuliza kama kwetu tunalala juu ya miti. Mara ya kwanza nilimfokea kweli.

"Umefukuzwa kazi," akasema. "Tena!"

Wiki nzima nilifukuzwa. Mwishowe nikamjibu: "Ndiyo, na mti wangu una ghorofa tatu, kila moja mita mbili na nusu. Nipe urefu wake." Alicheka mpaka akashika nyonga. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunipa muda wake hivyo, na yeye alikuwa mgonjwa.

Siku ya usaili msichana mmoja aliniuliza swali la kijinga kuliko yote ya bibi, nami nikalifanya hesabu. Jioni wakanipigia simu. Kazi ilikuwa yangu.

Nilimpelekea habari kesho yake nikidhani tutasherehekea. Badala yake akaanza kulia.

"Kabla ya Uhuru," akasema, "mimi nilikuwa nafundisha shule ya wasichana wa Kihindi, Nairobi. Mihula miwili hatuna mwalimu wa hesabu. Akaja Mwafrika mmoja, amesoma kuliko sisi wote. Mkuu akatuuliza walimu, tumchukue? Mimi nilisema wazazi watakataa." Akajifuta macho. "Hakuna mzazi aliyeulizwa. Na yeye alikuwa nje tu, kwenye korido, amevaa tai, anasikia. Alipoondoka alitushukuru."

"Jina lake nani?"

"Sikuuliza."

Nilichukua koti nikaondoka bila kumaliza chai. Nilimwona mama yangu katika ile korido, nikajiona mimi. Wiki mbili sikukanyaga kwake; kampuni ilimtuma mtu mwingine. Kisha nikarudi, kwa sababu angeweza kunificha, nami ningemwimbia sifa maisha yangu yote bila kujua. Aliniambia siku ambayo sikumhitaji tena. Tuliendelea hivyo miaka minane, mimi nikimletea madaftari ya wanafunzi wangu, yeye akiyakosoa.

Alipofariki, mwanawe aliniomba niseme neno kabla ya mwili kuchomwa. Walikuwapo wanafunzi wake wa Nairobi, sasa wenye mvi, wakimsifu. Nikasimama nikasema mwalimu huyu alinirudisha darasani, na kila neno lilikuwa la kweli. Lile la korido nililimeza.

Namshukuru mpaka leo, kwa moyo wangu wote. Lakini siku ile nilimsitiri yeye, na yule bwana nikamwacha nje mara ya pili.