Ubeti wa Shuka Kambani

Nadine, jirani yangu wa nyumba ya juu, aliniita uzioni mikono ikiwa bado na unga wa mahindi.

"Umesikia? Mzee Arvil akili zimeanza kumtoka. Jumapili kaimba ubeti mmoja, kakaa. Wimbo wake mwenyewe! Mwakani atasahau kuvaa suruali."

Nilicheka, halafu nikajisikia vibaya. Arvil Sizemore alichimba makaa miaka thelathini na moja, na wimbo ule wa raha ndogo ndogo za bonde letu aliutunga yeye. Kila tukila pamoja kanisani hupewa gitaa. Nilipokuwa mdogo ulikuwa na beti tisa. Chakula kilipoa tukimsubiri amalize.

Jioni nikavuka barabara kumpelekea maharage na mkate wa mahindi, mtoto begani. Alikuwa anaota meno. Sikuwa nimelala siku mbili. Mzee alikuwa barazani, gitaa amelilaza kwenye kiti cha marehemu mkewe, Oleta.

"Wamekutuma uniulize leo siku gani?"

"Nadine anasema inayofuata ni suruali."

Akacheka mpaka akakohoa, kile kikohozi cha vumbi la mgodini. Kisha akaniambia, taratibu. Duka la Hobart, watu walikocheza drafti kando ya jiko, lilifungwa. Akautoa ubeti wake kwenye wimbo. Reli iling'olewa, ubeti wa treni ukaenda. Maji ya kijito yakageuka rangi ya kutu, samaki wakaisha. Ubeti wa Oleta akimenya maharage hapa barazani, huo aliutoa wiki ya mazishi.

"Sijasahau hata neno. Ila siimbi kitu ambacho hakipo. Huo ni uongo, tena kanisani."

"Umebaki upi?"

Akaelekeza kidevu uani kwangu. "Shuka zikipigwa na upepo kambani."

Kamba ya kuanikia iliyobaki bondeni ni yangu. Na Jumamosi Dwight, mume wangu, analeta mashine ya kukaushia nguo. Nimeisubiri tangu nijifungue. Mgongo umechoka na beseni. Nikamwambia ukweli.

Akamwachia mtoto amvute kidole.

"Haki yako, binti. Hata Oleta angeikimbilia." Akafuta nyuzi za gitaa kwa mkono wa shati. "Ila Jumapili wataniomba tena. Utanianikia hata shuka moja, asubuhi, kabla hatujaenda kanisani?"