Mifuko Kumi na Moja ya Dobi

Dobi wa mtaani kwetu alinunua santuri kumi na moja kabla hajawa na gramafoni. Usicheke bado. Duka la santuri lilikuwa na muuzaji msichana, ulimi kama wembe, na mwenzetu hakujua njia nyingine ya kuisogelea kaunta. Akinunua, binti anamtilia kwenye mfuko wa nailoni wenye picha ya tarumbeta, halafu anaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Wa kwanza: "Ahsante, karibu tena." Wa nne: "Nasikia kwako hakuna hata redio." Wa kumi na moja: "Haya, walete wazee wako nyumbani."

Wakaoana. Santuri ziliuzwa miaka ya shida, duka likafungwa, mke akatangulia mbele ya haki. Hakuwa mtu wa barua, kwa hiyo mwandiko wake ulibaki kwenye ile mifuko tu. Dobi aliinyoosha kwa pasi ya uvuguvugu juu ya gazeti, akaitandaza chini ya godoro. Tulimtania sana: wenzako wanarithi mashamba, wewe vifungashio.

Kumbe siku hizi kuna watu wanaitafuta mifuko ya maduka ya zamani ya muziki kama lulu. Mmoja akaja na bei nono. Dobi akagoma kuuza, ila akakubali jamaa aje Jumamosi kuipiga picha.

Sasa, mke wa mwanawe, anayefanya kazi na dobi, hakumkuta mama mkwe. Dobi ndiye aliyemfunza: kwetu nguo haitoki na doa, na la wino ni spiriti, taratibu, kutoka ukingoni kuja katikati. Ijumaa, mzee kaenda kupeleka mashati ya watu, yeye akaitoa mifuko ili mgeni asikute aibu.

Nilikuwepo, nimefuata suruali yangu, dobi aliporudi akaikuta mifuko kambani, yote kumi na moja, imebanwa kwa vibanio, inang'aa.

"Baba, wino wote umetoka," mkwewe akasema, uso umemchanua. "Hata kivuli hakuna."

Mzee akaushika ule wa mwisho, akauelekeza kwenye jua, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Kazi nzuri, mwanangu."

Mkwewe akauliza ni nani alikuwa anaichafua vile. Muuzaji tu wa dukani, akajibiwa. Hadi leo hajui, na sisi tumekatazwa kumwambia.

Mpiga picha alisifu, akasema hajaona mifuko safi namna ile. Mimi, mdomo wangu hauna breki, nikamshauri mzee: maneno si unayajua kwa moyo? Yaandike upya.

Jumapili nikamkuta na kalamu mkononi. Alikuwa ameandika mmoja, ule wa nne.

"Maneno ninayo yote," akaniambia. "Ila kwa mwandiko wangu, naonekana najitania mwenyewe."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta, kutoka ukingoni.